Kutabiri Maradhi ya Mabaharia kwa Rekodi za Uchunguzi wa Afya: Mwongozo Kamili kwa Kliniki za Uganda

Kila baharia aliyeruhusiwa kupanda melini ameacha kliniki faili lenye umri wake, uzito wake, shinikizo lake la damu, hali ya macho na masikio yake, majibu ya mkojo, na historia ya maradhi aliyoieleza yeye mwenyewe. Kwa kawaida faili hilo hufunguliwa siku daktari anapotia saini cheti, kisha hulala kabatini mpaka muda wa cheti uishe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitumia kujibu swali ambalo cheti hakilijibu: kati ya watu wote waliopita hapa na kuonekana wanafaa kazi, ni nani aliye karibu zaidi kuugua akiwa mbali na hospitali, na ataugua nini?

Unawahusu madaktari, wauguzi na watunza kumbukumbu wa kliniki za Kampala, Entebbe na Port Bell wanaopima makundi mawili ya watu. Kundi la kwanza ni wafanyakazi wa vyombo vya Ziwa Viktoria, kuanzia meli za kubeba mabehewa kama MV Kaawa na MV Pamba zinazotoka Port Bell, hadi MV Kalangala inayovuka kati ya Nakiwogo na Lutoboka. Kundi la pili ni vijana wanaoteremka Mombasa au Dar es Salaam kutafuta meli za bahari kuu. Kisheria makundi haya hayalingani. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, unataka cheti cha afya kisichozidi miaka 2, mwaka 1 kwa aliye chini ya miaka 18, na miaka 6 kwa kipimo cha kutofautisha rangi. Lakini mkataba huo hauzihusu meli zinazotembea katika maji ya ndani peke yake. Hata hivyo nashauri makundi yote mawili yajaziwe fomu moja, kwa sababu baharia wa ziwani leo huweza kuwa baharia wa bahari kuu mwakani, na faili lake la zamani litakuwa na thamani iwapo tu lilijazwa kwa vipimo vilevile.

Hatua ya kwanza: amua unatabiri nini

Usiandike kwamba unatabiri "matatizo ya afya", kwa kuwa maneno hayo hayapimiki. Tukio linalotabiriwa sharti liwe na mipaka mitatu: ni kitu gani, kwa nani, na ndani ya muda gani. Mfano mzuri wa kuanzia ni huu: ugonjwa wowote, si ajali, uliomfanya baharia ashushwe melini, arudishwe nyumbani, au meli iombe ushauri wa daktari kwa redio au setilaiti, ndani ya miezi 12 tangu siku ya uchunguzi. Ajali ziwekwe kando tangu mwanzo. Baharia aliyeanguka kwenye ngazi ya chumba cha injini iliyomwagikiwa mafuta hakuangushwa na kitu kilichoonekana kwenye mkojo wake, na ukichanganya matukio ya namna hiyo na maradhi ya moyo, utapata kielelezo (yaani kanuni ya hesabu inayojengwa kwa rekodi za zamani ili kutabiri yajayo) ambacho hakijui lolote.

Hata miongoni mwa maradhi yenyewe, yapo yanayotabirika na yapo yasiyotabirika. Kidole tumbo huja bila taarifa. Shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo na mishipa, mawe ya figo, ngiri, meno mabovu na kukatizwa kwa dawa za maradhi ya kudumu huacha dalili mapema, na huko ndiko nguvu zielekezwe. Meno hasa hudharauliwa, ilhali jino linaloonekana limetoboka siku ya uchunguzi laweza kuuma wiki chache baadaye mahali ambapo hapana wa kuling'oa.

Hatua ya pili: kusanya nusu mbili za habari

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, nami nitakaa hapa kidogo. Kliniki ina nusu moja, yaani vipimo. Nusu ya pili, yaani yaliyompata baharia baadaye, imetawanyika: kitabu cha matibabu cha meli, barua za hospitali za bandarini, madai ya bima, taarifa za kurudishwa nyumbani, na kumbukumbu za vituo vinavyotoa ushauri wa daktari kwa meli zilizo baharini, kama kile cha Roma kilichoanzishwa mwaka 1935. Bila nusu hii ya pili hakuna utabiri, hata kama kliniki imepima watu kwa miaka ishirini kwa uangalifu mkubwa. Kwa hiyo, kabla ya kununua kompyuta au kumwajiri mtaalamu wa takwimu, kubalianeni kwa maandishi na wakala wa ajira au mwenye chombo kwamba taarifa ya kila tukio la ugonjwa itarudi kliniki, mgonjwa mwenyewe akiwa ameridhia.

Ziwani jambo hili lina ugumu wake. Safari ya Port Bell hadi Mwanza au Kisumu huhesabiwa kwa saa, kwa hiyo anayeugua njiani huvumilia, hushuka asubuhi, hupanda boda boda hadi kituo cha afya, na hakuna anayeandika chochote melini. Ukiangalia vitabu vya chombo utadhani wafanyakazi wake hawaugui kamwe. Tiba yake ni fomu ya ukurasa mmoja inayotunzwa na nahodha au msaidizi wake, yenye tarehe, namba ya mfanyakazi, dalili kwa maneno ya kawaida, alichopewa, na kama aliendelea na zamu au la. Fomu ndefu kuliko hiyo haitajazwa.

Kitu kingine cha kukusanya ni siku ambazo mtu alikuwa melini kweli, na hizo zimeandikwa kwenye kitabu chake cha baharia. Watu wawili waliopimwa siku moja, mmoja akakaa baharini miezi 9 na mwingine akasubiri mkataba Mukono miezi 10, hawakuwa katika hatari sawa ya kuugua baharini. Ukiwahesabu sawasawa, utaamini kuwa yule wa Mukono ana mwili wa chuma.

Hatua ya tatu: unganisha rekodi bila kufichua watu

Jina halitoshi kuunganisha rekodi. Mtu mmoja huandikwa Ssempijja mwaka huu na Sempija mwaka ujao, jina la ukoo hutangulia kwenye fomu moja na kufuata kwenye nyingine, na wapo wanaobadilisha tarehe ya kuzaliwa kulingana na cheti walicho nacho mkononi. Tumia namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu na herufi 14, na kwa asiye raia tumia namba ya kitabu chake cha baharia. Kisha mtu mmoja tu, asiyehusika na uchambuzi, ageuze namba hizo kuwa alama za siri, na orodha inayounganisha alama na majina ifungiwe mahali pengine.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data maalumu. Baharia aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba vipimo vyake vitatumika kutabiri hatari, nani ataona matokeo, na kwamba anaweza kukataa bila kunyimwa cheti. Mwajiri hupewa cheti. Fomu iliyo nyuma ya cheti si mali yake. Kuhusu virusi vya UKIMWI, Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2010 linakataza kumlazimisha mtu kupimwa kwa ajili ya ajira, hivyo safu hiyo isiwemo kabisa kwenye jedwali la utabiri. Jamii za wavuvi na wasafiri wa ziwa zimebebeshwa unyanyapaa wa kutosha.

Hatua ya nne: safisha vipimo

Anza na shinikizo la damu, kwa sababu ndilo lenye habari nyingi na ndilo linaloandikwa kwa uzembe mkubwa zaidi. Orodhesha tarakimu za mwisho za vipimo vyote. Kwa mashine ya tarakimu, kila namba kuanzia 0 hadi 9 ingepaswa kutokea takriban mara moja katika kumi. Ukikuta zaidi ya nusu zinaishia na sifuri, na 120/80 imejaa kurasa nzima, basi hukupima presha, ulipima desturi ya mwandishi. Rekodi za aina hiyo hazifai kufundishia kielelezo. Kwa siku zijazo weka utaratibu wa vipimo viwili baada ya mtu kukaa kimya dakika 5, vyote viwili viandikwe kama vilivyosomeka.

Ongeza safu inayoonyesha kama mtu anatumia dawa. Kipimo cha 128 kilichopatikana kwa vidonge viwili kila siku si sawa na 128 ya mtu asiyetumia dawa: wa kwanza atapanda hadi kusikojulikana pindi vidonge vikimwishia katikati ya Bahari ya Hindi.

Sukari iwe na kipimo kimoja. Baadhi ya maabara huandika milimoli kwa lita na nyingine miligramu kwa desilita, na 7.0 ya kwanza ni sawa na 126 ya pili. Zidisha kwa 18 ili kubadilisha. Iandikwe pia kama mtu alifunga kula au alikunywa chai ya maziwa asubuhi. Urefu upimwe bila viatu. Thamani zisizowezekana, kama uzito wa kilo 17 kwa mtu mzima, zirudishwe kwenye karatasi ya asili na kusahihishwa, zisifutwe kimyakimya.

Nafasi tupu zinahitaji uamuzi wa makini zaidi. Kama kolesteroli ilipimwa kwa wale tu ambao daktari aliwatilia shaka, basi kule kupimwa kwenyewe ni habari, na kuijaza nafasi tupu kwa wastani wa waliopimwa ni kuwapa wazima damu ya wagonjwa. Ama pima wote, ama acha kipimo hicho nje.

Dodoso la historia ya afya lichukuliwe kwa tahadhari kubwa. Mtu anayetafuta mkataba ana kila sababu ya kuandika "hapana" kwenye kila swali, na katika mafaili mengi safu nzima ya majibu imechorwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Maswali yanayoulizwa ana kwa ana na muuguzi, baada ya kueleza kwamba kisukari kinachotibiwa hakimnyimi mtu kazi kwa sababu hiyo peke yake, huleta majibu tofauti kabisa.

Hatua ya tano: chagua viashiria, na uongeze vya kwetu

Kwa maradhi ya moyo na kiharusi huna haja ya kuanza upya. Majedwali ya Shirika la Afya Duniani yaliyorekebishwa mwaka 2019 yamegawanywa kwa kanda, na Uganda imo katika kanda ya Mashariki mwa Afrika. Yanatumia umri kuanzia miaka 40 hadi 74, jinsia, uvutaji wa sigara, na shinikizo la juu la damu, pamoja na kisukari na kolesteroli pale penye maabara, au uwiano wa uzito na urefu pale pasipo na maabara. Matokeo yake ni uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka 10. Huo ni muda mrefu kuliko mkataba wowote wa meli, lakini mpangilio wa nani ana hatari zaidi ya nani unabaki kuwa na manufaa.

Kwa maradhi mengine, viashiria vya kuanza navyo ni umri, shinikizo la damu na dawa zake, sukari, protini na damu kwenye mkojo, hali ya meno, ngiri, na aina ya kazi. Mpishi, afisa wa usukani na mtu wa chumba cha injini hawaishi katika joto moja wala hawanywi maji kiasi kimoja, na mawe ya figo hulijua hilo.

Kisha yapo mambo ambayo fomu zilizotungwa Ulaya au Asia haziyaulizi. La kwanza ni kichocho cha matumbo, ambacho kimeenea kwenye fukwe za Ziwa Viktoria na Ziwa Albert. Mtu aliyekulia kwenye kijiji cha wavuvi, akaoga na kuogelea ziwani utoto wake wote, anaweza kuwa na ini lililoharibika na mishipa iliyovimba kwenye umio bila kuhisi maumivu yoyote, mpaka siku atakapotapika damu. Ziwani hilo ni janga. Katikati ya bahari, ni kifo. Maswali matatu yanatosha kumchuja: alikulia wapi, je, amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi, na wengu wake unashikika kwa mkono? Akiwa na shaka, apimwe choo, atumwe kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti, na atibiwe kwa prazikwanteli kabla ya kuondoka, akijua kwamba dawa huua minyoo lakini hairudishi mara moja ini lililokwisha kuwa na makovu.

La pili ni malaria, ambayo haitabiriwi kwa kipimo cha siku ya uchunguzi bali kwa kalenda. Malaria kali ya kwetu kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, ikimaanisha kwamba kijana aliyelala Kampala bila chandarua wiki ya mwisho anaweza kuanza kutetemeka meli ikiwa imeshaondoka Mombasa, mbele ya afisa ambaye pengine hajawahi kuona malaria. Tarehe ya kuondoka Uganda na tarehe ya kupanda meli ziandikwe kwenye jedwali.

Hatua ya sita: jenga kielelezo

Hesabu matukio yako kabla ya kufanya lolote. Kanuni ya zamani, isiyo kamilifu lakini yenye kukinga na ujinga, inataka matukio yapatayo 10 kwa kila kiashiria. Kliniki yenye rekodi 3,000 na matukio 40 ina nafasi ya viashiria vinne, si thelathini. Ikiwa matukio hayafiki hata 20, usijenge kitu. Tumia majedwali ya Shirika la Afya Duniani na uendelee kukusanya, au ungana na kliniki za Mombasa, Kisumu na Mwanza zinazopima watu wa aina ileile.

Penye data ya kutosha, rigresheni ya logistiki, inayotoa uwezekano wa tukio kutokea ndani ya muda uliowekwa, inatosha kwa kazi nyingi. Kama muda wa kukaa melini unatofautiana sana kati ya mtu na mtu, tumia uchambuzi wa muda hadi tukio, unaozihesabu siku zilizo wazi kwa hatari. Programu ya takwimu iitwayo R hufanya yote mawili bila malipo. Mashine za kujifunza (programu za kompyuta zinazojitafutia kanuni zenyewe kutoka kwenye data) zenye majina makubwa ziache kwanza: kwa rekodi elfu chache mara nyingi hazizidi rigresheni iliyotunzwa vizuri, na hakuna daktari atakayeweza kumweleza baharia kwa nini zilimtaja.

Makosa mawili huharibu kazi hata ya mtu makini. La kwanza ni kuwagawa watu vibaya: baharia mmoja aliyepimwa mara nne ana mistari minne, na ikiwa miwili itafundishia kielelezo na miwili itakijaribu, kielelezo kitakuwa kimeonyeshwa majibu ya mtihani. Gawa kwa watu, tena kwa miaka, ukifundisha kwa uchunguzi wa miaka ya nyuma na kujaribu kwa ule wa karibuni. La pili ni kuingiza kitu kilichojulikana baada ya tukio, kama dawa aliyoandikiwa mtu baada ya kurudishwa nyumbani, lakini ikajazwa kwenye faili lake la zamani.

Hatua ya saba: kijaribu kwa hesabu za wazi

Kielelezo kisipimwe kwa asilimia ya majibu sahihi. Mahali ambapo watu 970 kati ya 1,000 hawaugui, mtu anayesema "hakuna atakayeugua" hupata asilimia 97 bila kupima yeyote.

Fanya hesabu hii mezani pamoja na mwenye chombo. Tuseme mabaharia ni 1,000 na 30 wataugua. Kielelezo kinawanasa 21 kati ya hao 30, na kinawaonya kimakosa asilimia 20 ya wale 970, yaani watu 194. Walioonywa jumla ni 215, na kati yao watakaougua kweli ni 21, karibu mmoja katika kumi. Tisa wamepita bila kuonekana. Hicho ni kielelezo kizuri kwa viwango vya kawaida, na bado anayekitumia kufukuza watu kazi atakuwa amewafukuza tisa wazima kwa kila mgonjwa mmoja. Anayekitumia kuamua nani arudi kupimwa tena wiki ijayo amefanya kazi ya maana kwa gharama ndogo.

Kagua pia kama namba zinasema kweli: katika kundi lililoambiwa lina hatari ya asilimia 5, je, takriban watu 5 kwa kila 100 waliugua? Kielelezo kilichotoka nchi nyingine mara nyingi hupanga watu vizuri lakini hukosea kiwango, na marekebisho yake ni madogo kuliko kujenga kipya.

Hatua ya nane: tumia matokeo kabla ya safari

Weka madaraja matatu. Wa hatari ndogo aende. Wa hatari ya kati arekebishwe jambo lake: jino lizibwe, dawa ibadilishwe, kipimo kirudiwe. Wa hatari kubwa aonwe na daktari kwa kikao kamili, na hapo daktari ndiye anayeamua, si namba. Miongozo ya pamoja ya Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Bahari la Kimataifa hushauri, kwa mfano, kwamba mwenye shinikizo linalobaki juu ya 160 kwa 100 asubiri mpaka achunguzwe na kutibiwa. Kielelezo hakiwezi kulegeza kanuni hiyo, na hakipaswi kutunga nyingine kali zaidi kwa mlango wa nyuma. Anayenyimwa cheti ana haki, chini ya mkataba wa 2006, ya kuchunguzwa na daktari mwingine aliye huru.

Anayetumia dawa kila siku aondoke na za safari nzima pamoja na akiba ya kuchelewa bandarini, zihesabiwe mbele yake, na barua ya daktari iwe kwa Kiingereza kwenye bahasha iliyofungwa. Kwa chombo kizima, jumla ya hatari isiyotaja majina yaweza kumwongoza nahodha katika kujaza sanduku la dawa: meli yenye wengi wa zaidi ya miaka 50 haihitaji akiba ileile na meli ya vijana.

Hatua ya tisa: rejea kila mwaka, ukiandika ulichofanya

Kila mwaka linganisha utabiri na yaliyotokea, kisha rekebisha kiwango. Lakini jihadhari na mtego mmoja ambao huanza kujionyesha baada ya kazi kufanikiwa. Mtu aliyeonywa mwezi Januari, akatibiwa presha yake na kusafiri salama, ataingia kwenye data ya mwaka ujao kama mtu mwenye presha ya juu ambaye hakuugua. Wakikusanyika wengi wa namna hiyo, kielelezo kipya kitajifunza kwamba presha ya juu haina madhara. Kwa hiyo jedwali liwe na safu ya kila hatua iliyochukuliwa baada ya onyo, pamoja na tarehe yake na matokeo ya kipimo kilichorudiwa, na safu hiyo ijazwe siku ileile na muuguzi aliyemhudumia, kabla baharia hajaondoka kliniki.